Mshtuko wa moyo Palma: simu inasoma, nani apime?

Ukipima kwa rula juu ya ramani, mji wa Palma, mkoani Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, uko karibu zaidi na Nairobi kuliko na Maputo. Dar es Salaam haifiki kilomita 500 kwa anga, ilhali mji mkuu wa nchi yenyewe uko karibu 1,900. Kwa shughuli nyingi umbali huo ni kero tu. Kwa mtu ambaye mshipa wa moyo wake umeziba ghafla, ni uhai au kifo. Nyama ya moyo huanza kufa ndani ya saa ya kwanza, na tiba bora ya kuuzibua mshipa, ile ya kupitisha mrija mwembamba kutoka mkononi au pajani hadi moyoni, inapatikana Maputo, au ng'ambo ya mto Ruvuma kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar.

Kwa hiyo kazi inayofanywa na kampuni ya Powerful Medical ya Bratislava, Slovakia, inaihusu pwani hii kuliko mtu anavyoweza kudhani. Programu yao, PMcardio, hukaa kwenye simu. Mhudumu anapiga picha karatasi ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na akili mnemba inamwambia kama mshipa wa moyo umeziba au la.

Karatasi yenyewe si ngeni kwa aliyewahi kupimwa. Mgonjwa hulazwa chali, hubandikwa vishikizo kumi, sita kifuani na vinne mikononi na miguuni, kisha mashine hutoa karatasi ya miraba yenye mistari kumi na miwili ya milima na mabonde. Kila mraba mdogo ni milimita moja, sawa na sekunde 0.04. Madaktari hutazama kipande kiitwacho ST, kinachofuata baada ya mchomo mkubwa. Kikinyanyuka kupita kiasi fulani, mgonjwa hukimbizwa kwenye matibabu. Kisiponyanyuka, mara nyingi huambiwa asubiri.

Tatizo ni kwamba takribani mmoja kati ya wanne wanaosubiri hivyo, na ambao baadaye huthibitika kuwa na mshtuko wa moyo, mshipa wake huwa umeziba kabisa. Modeli ya PMcardio, iliyopewa jina la karata, Queen of Hearts, ilifundishwa kuzitambua dalili hizo zilizojificha kwa kusoma karatasi zaidi ya 18,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024, yaliyotokana na wagonjwa 2,222, yalionyesha kwamba ilinasa asilimia 80.6 ya mishipa iliyoziba, wakati kanuni ya zamani ya ST ilinasa asilimia 32.5 tu. Huko Taiwan, hospitali iliyotumia akili mnemba ya aina nyingine ilipunguza muda wa mgonjwa kusubiri kuzibuliwa mshipa kutoka dakika 96 hadi 82.

Dakika 14! Lakini huku, kutoka Palma hadi Pemba, mji mkuu wa mkoa, kwa barabara ni kama kilomita 400, na tangu vita ilipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017 kuna majira ambapo barabara hiyo haikupitika kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoisifu teknolojia hii huligusa juujuu. Kwa wanaume wengi weusi wenye afya njema, hasa vijana, kipande cha ST hunyanyuka kidogo kwa maumbile tu. Modeli iliyolelewa kwa karatasi za Ulaya na Marekani inaweza kupiga kengele bure. Huko Taiwan kengele ya bure humaanisha mgonjwa kupitishiwa mrija na kukutwa mzima. Penye dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda peke yake, kengele hiyo inaweza kumsababishia mtu asiye na ugonjwa kuvuja damu kwenye ubongo. Programu ya namna hii haifai kuruhusiwa Cabo Delgado kabla ya kupimwa kwa wagonjwa wa huku.

Na je, ugonjwa wenyewe upo? Jibu la karibu zaidi linatoka Moshi, Tanzania. Katika hospitali ya KCMC, watafiti wakiongozwa na Julian Hertz wa Chuo Kikuu cha Duke waliwapima wagonjwa 681 waliofika dharura wakilalamikia kifua au pumzi. Wote walifanyiwa ECG na kipimo cha damu cha troponini. Waliokutwa na mshtuko wa moyo walikuwa 152, zaidi ya mmoja kati ya watano, na ndani ya siku 30 asilimia 43 walikuwa wamefariki. Ugonjwa ulioaminika kuwa wa wazungu ulikuwa pale pale mapokezi. Ila mara nyingi haukutafutwa. Msumbiji nayo ina kuni za moto huo: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2005 ulikuta theluthi moja ya watu wazima wana presha, na kati yao asilimia 15 hivi tu walikuwa wakijijua.

Dawa walizochagua Moshi hazikuwa na akili mnemba hata chembe: kadi za mapokezi za kumtambulisha mgonjwa wa kuharakishwa, kadi za mfukoni za madaktari, mafunzo ya mtandaoni, kijitabu cha mgonjwa. Lengo ni kwamba kila mwenye kifua kinachobana apigwe ECG na apewe aspirini. Jaribio kubwa la ISIS-2, lililochapishwa mwaka 1988 kwa wagonjwa 17,187, lilionyesha kuwa aspirini peke yake hupunguza vifo kwa asilimia 23, na ikiunganishwa na streptokinase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa asilimia 42.

Basi vituo vya Palma na Mocímboa vianze na mashine ya ECG, karatasi zake, aspirini na streptokinase ya kutosha. Picha ya simu ifuate. Na wewe msomaji, ukishikwa na maumivu ya kifua yanayopita dakika kumi na tano, yakishuka mkononi au kupanda tayani, jasho likikutoka, usiyaite kiungulia. Nenda hospitali, omba ECG, na umwambie mhudumu saa maumivu yalipoanza: dawa ya kuyeyusha damu hutolewa ndani ya saa 12 tangu hapo.