Foleni ya Dharura Hutengenezwa Wodini

Idara ya dharura inapofurika, wa kwanza kulaumiwa ni mwenye mafua. Angekwenda zahanati, watu husema, wenye hali mbaya wangepata nafasi. Kila mara wananchi huombwa wasikimbilie hospitali kubwa kwa kila homa, na ombi lenyewe si baya. Ila halipunguzi foleni kama inavyodhaniwa. Watafiti wa jimbo la Ontario nchini Kanada walichambua mahudhurio zaidi ya milioni 4 katika idara 110 za dharura. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha kuwa wagonjwa 10 wenye matatizo madogo wakiingia ndani ya saa 8, walio na hali nzito zaidi huchelewa kumwona daktari kwa dakika 2 hivi tu.

Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi katika idara ya dharura. Mwenye mafua hahitaji kitanda. Anaonwa akiwa ameketi kwenye kiti, anaandikiwa dawa, anaondoka. Anayeijaza idara ni yule ambaye matibabu yake ya kwanza yamekwisha, uamuzi wa kumlaza umeandikwa, lakini hana pa kwenda.

Hesabu ya msongamano huu si ngumu. Idara inayopokea wagonjwa 10 kwa saa, kila mmoja akikaa humo saa 4, itakuwa na watu 40. Wakikaa saa 6, watakuwa 60, ingawa mlangoni hakujaongezeka hata mtu mmoja. John Little wa Marekani aliithibitisha kanuni hii mwaka 1961, na inatawala foleni ya kivukoni sawasawa na ya hospitali.

Sasa tupande ngazi hadi wodini, saa nane mchana. Mgonjwa aliyepona ameketi kitandani, amevaa shati la kutokea na viatu, mfuko wa nguo uko miguuni. Kwenye raundi ya asubuhi daktari alimwambia arudi nyumbani. Fomu ya ruhusa haijasainiwa, kwa kuwa daktari mwenyewe ameingia chumba cha upasuaji. Dawa hazijatoka famasi. Shemeji yake amepanga mstari kwenye dirisha la malipo. Chini, katika idara ya dharura, mama mwenye nimonia yuko juu ya machela akivuta oksijeni ya mtungi, akisubiri kitanda hichohicho. Muuguzi anayemwangalia ana machela nyingine tano za kuangalia, na kengele ya ambulensi inalia nje. Hapa hakuna mvivu hata mmoja. Kila mtu anafanya kazi yake, na bado saa sita zinapotea.

Saa hizo zina gharama ya uhai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kutokana na rekodi za wagonjwa zaidi ya milioni 5 nchini Uingereza ulikadiria kwamba kwa kila wagonjwa 82 waliocheleweshwa kuingia wodini kupita saa 6 hadi 8 tangu wafike, mmoja zaidi alifariki ndani ya siku 30. Mtu huyo alikuwa ameshafika hospitalini. Ameshaonwa na daktari. Hilo ndilo linalouma.

Waingereza walijaribu kuutawala muda kwa amri. Mwaka 2004 hospitali za England zilitakiwa zihakikishe asilimia 98 ya wagonjwa wa dharura wamelazwa, wamehamishwa au wameruhusiwa ndani ya saa 4. Mwaka 2010 kiwango kikashushwa hadi asilimia 95. Mwanzoni foleni zilipungua kweli, ingawa takwimu zilionyesha wagonjwa wengi mno wakiondolewa dakika chache kabla ya saa ya nne kutimia. Vitanda vilipozidi kubana, lengo likashindikana, na tangu mwaka 2015 halijafikiwa tena.

Hili halina maana kwamba mlango wa mbele usishughulikiwe. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, watoto walikuwa wakipanga mstari mmoja, wa degedege nyuma ya wa kikohozi, na wengi walifariki muda mfupi baada ya kufikishwa. Daktari Elizabeth Molyneux na wenzake walipanga wauguzi wa kuwachambua watoto mara wanapofika: anapumua vipi, mikono ni ya baridi, amepoteza fahamu, ana degedege, ameishiwa maji? Mwenye dalili hizo hakusubiri mstari. Eneo la dharura likaundwa, na watumishi wa mapokezi na wa wodini wakaanza kufanya kazi pamoja. Vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18, vikashuka hadi kati ya 6 na 8. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, jijini Dar es Salaam, nayo ilifungua idara kamili ya dharura mwaka 2010, na chuo kikuu cha MUHAS hufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Ni hatua kubwa, ila daktari bingwa hawezi kuzalisha kitanda.

Hospitali ya Stony Brook, jimbo la New York, iliamua tatizo libebwe na hospitali nzima. Dharura ikijaa, baadhi ya waliokwisha kuandikiwa kulazwa hupelekwa kwenye korido za wodi mbalimbali, mmoja huku, mmoja kule. Wapo waliohofia usalama wa wagonjwa hao; Daktari Peter Viccellio na wenzake walipofuatilia kwa miaka minne hawakuona vifo vikiongezeka. Wodi yenye mgonjwa koridoni huona haja ya kumruhusu haraka aliyepona. Boston Medical Center ilikwenda njia nyingine: ilisambaza upasuaji wa kupangwa katika siku zote za kazi ili usirundikane siku chache na kumaliza vitanda, na idadi ya upasuaji ulioahirishwa ikashuka sana.

Hospitali isiyo na kompyuta inaweza kuanza na daftari lenye safu mbili: saa ambayo uamuzi wa kulaza ulitolewa, na saa mgonjwa alipotoka kwenda wodini. Tofauti ya saa hizo ipelekwe kwa mganga mfawidhi kila asubuhi, kwani wodi zote, famasi na dirisha la malipo viko chini yake, wala si chini ya mkuu wa idara ya dharura.