Jumapili ya Mapumziko: Mama Naye Apumzike

Jumamosi jioni Buguruni hailali mapema. Kwenye njia panda ambapo Barabara ya Uhuru inakutana na Barabara ya Mandela, daladala huendelea kushusha watu wanaotoka kazini, makonda huita abiria kwa sauti zilizokauka, na kando ya barabara akina mama huwasha mikaa ya kukaangia samaki na mihogo. Katika umati huo wamo bwana na bibi ambao tutafuatana nao katika makala haya. Hatutawapa majina, kwa sababu tumewachukua kuwa mfano wa nyumba nyingi za Buguruni, Vingunguti, Temeke na Kinondoni, na msomaji huenda akajiona mwenyewe ndani yao.

Bwana anafanya kazi katika kiwanda kimojawapo cha Barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu. Bibi ana genge la nyanya, vitunguu na mchicha mbele ya nyumba wanamopanga chumba na sebule. Wana watoto watatu: msichana aliye kidato cha pili, na wavulana wawili wa shule ya msingi.

Usiku huo, baada ya chakula, bwana anasema, "Mama watoto, kesho tutoke. Tangu Idi sisi wawili hatujakwenda popote."

Bibi hajibu upesi. Anakusanya sahani, kisha anasema kwa upole, "Kutoka ni jambo jema, baba watoto. Lakini kazi zangu namwachia nani? Tukirudi nitazikuta zimenisubiri hapa mlangoni."

Jibu hilo ndilo linalostahili kuzungumzwa leo.

SAA ZA BABA NA SAA ZA MAMA

Bwana huyu amechoka, na uchovu wake si wa kubishaniwa. Anasimama mbele ya mashine kutwa nzima, na anasimama tena katika daladala wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Lakini uchovu wake unatambuliwa na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaagiza kwamba saa za kawaida za mfanyakazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma, na kwamba asifanye kazi zaidi ya siku 6 katika juma. Inampa mapumziko yasiyopungua saa 24 kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka.

Haki hiyo haikupatikana kwa urahisi. Wafanyakazi wa nchi nyingi waliidai kwa miaka mingi, hata Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba wa saa za kazi viwandani mwaka 1919, na mwingine wa mapumziko ya juma mwaka 1921. Hapa kwetu chama cha wafanyakazi cha NUTA, kilichoundwa mwaka 1964, kilikuwa hata na bendi yake ya dansi, NUTA Jazz, ambayo baadaye iliitwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma. Kwa hiyo hata chama cha wafanyakazi kilitambua kwamba mtu anayefanya kazi anahitaji pia wakati wa kuburudika.

Sasa tuzitazame saa za bibi. Anaamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni kuchukua nyanya kabla hazijapanda bei. Akirudi anachota maji, anachemsha chai, anawaandaa watoto, kisha anapanga mafungu ya mboga gengeni. Kati ya mteja na mteja anafua, anachambua mchele na kuchochea jiko. Usiku, wenzake wakiisha kulala, yeye bado anahesabu sarafu za mtaji wa kesho. Sheria tuliyoitaja inamhusu mwajiriwa, na yeye hana mwajiri. Saa zake hazihesabiwi na mtu. Jumapili inapofika, mumewe hupumzika, naye huongezewa kazi, kwa sababu siku hiyo wote wako nyumbani na wote wanataka kula vizuri.

MZIGO USIHAMISHWE

Bwana wa mfano wetu anafikiri kidogo, kisha anasema, "Huyu binti yetu mkubwa si yupo? Atapika na kuwatazama wadogo zake."

Hapa ndipo akina baba wengi, na hata akina mama wengi, wanapokosea. Binti huyo ana mtihani wa kidato cha pili mwezi Novemba, na Jumapili ndiyo siku yake ya kusoma. Akipewa kazi zote za mama yake, kazi hizo zitakuwa zimehama tu kutoka mgongo mmoja kwenda mgongo mwingine. Naye msichana atajifunza kwamba kupumzika ni haki ya watu wengine, na wadogo zake wa kiume watajifunza hivyohivyo.

Bibi analisema hilo bila kugombeza, na bwana analikubali. Usiku uleule wanapanga. Maharage yanachemshwa kabisa ili kesho yapashwe moto tu. Bwana mwenyewe anajaza ndoo na madumu ya maji. Wavulana wanaambiwa kwamba vyombo vya mchana ni vyao. Binti atapika wali, kisha atafungua daftari zake. Mpangaji mwenzao wa chumba cha pili, mama wa makamo, anakubali kuwaangalia watoto na kuuza nyanya zilizoiva, kwa ahadi kwamba Jumapili ijayo bibi atamtendea vivyo hivyo.

Inabaki fedha. Kulifunga genge siku nzima ni hasara, na hilo hakuna mwenye mtaji mdogo asiyelijua. Bwana anatoa fedha aliyokuwa ameitenga kwa ajili ya soda, bao na kutazama mpira kwenye kibanda umiza. Haiwi nyingi, ila inatosha nauli za watu wawili na chakula cha mchana.

MJI NI WETU SOTE

Asubuhi wanapanda daladala pale Buguruni Sheli. Gari linapita Malapa na Rozana, linapita Ilala Boma na Karume, linaingia Kariakoo, nao wanashuka Mnazi Mmoja. Safari haizidi kilometa 6, lakini bibi anasema imepita miaka miwili tangu afike upande huu bila kubeba tenga.

Mahali waliposhuka pana historia yake. Wakati wa ukoloni mji huu uligawanywa kwa rangi: Wazungu karibu na bahari, Wahindi katikati, na Waafrika Kariakoo na kuendelea. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuwatenga Waafrika na wengine. Leo wazazi huketi humo na watoto wao, na mwenge wa uhuru umesimama hapo. Mfanyakazi wa Buguruni anayeuvuka uwanja huo kwenda baharini anapita pale ambapo babu yake aliwekewa mpaka.

Wanafuata Barabara ya Samora, wanaipita sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Jumapili njia ni nyeupe. Wazee wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili kubana matumizi ya mafuta, magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, na barabara zikawa za waenda kwa miguu. Bwana na bibi wanafika katika bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Imepungua sana ukubwa wake, lakini vivuli vya miti yake bado havijapungua ubaridi. Karibu yake ni Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940, yanayohifadhi fuvu la kale la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilivumbua Oldupai mwaka 1959. Raia hutozwa kiingilio kidogo kuliko mgeni, na mzazi aliyefika huko atakuwa na la kumsimulia mtoto wake.

NG'AMBO YA PILI

Mchana wanakula wali na samaki kwa mama ntilie karibu na soko la Feri. Hapo bibi anaanza kuuliza bei za samaki. Anahesabu kwa vidole: akichukua fungu hili, akakaanga kesho, akauza vipande gengeni, atapata kiasi gani? Bwana anamwambia, "Mama watoto, leo umefunga genge." Bibi anacheka, anaacha. Lakini kicheko chake kinaonyesha jinsi ilivyo vigumu kwa mtu aliyezoea mzigo kuutua, hata pale anapopewa nafasi.

Kisha wanapanda pantoni kwenda Kigamboni. Tangu mwaka 2016 lipo Daraja la Nyerere linaloingia Kigamboni kutoka Kurasini, lakini pantoni bado ndiyo safari ya baharini ya mtu wa kipato kidogo. Mwaka 2012 nauli ya mtu mzima ilipopandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200 palizuka mjadala mkubwa, na hiyo ni ishara ya jinsi kila sarafu inavyohesabiwa na watu wa mji huu.

Ng'ambo wanatembea hadi penye mti ufukoni. Bibi anatandika khanga, anaketi, na kabla hajamaliza sentensi aliyoianza, amelala. Bwana anabaki kumtazama. Katika miaka 15 ya ndoa yao hakuwahi kumwona akilala mchana ila alipokuwa mgonjwa au mzazi. Anaona nyayo zilizopasuka, anaona kovu la mafuta ya moto mkononi, na hakumbuki ni lini alipoungua. Hamwamshi. Anakaa upande wa jua ili kivuli chake kimfunike uso.

Saa moja baadaye bibi anaamka, na mazungumzo yanafunguka yenyewe. Anamweleza mumewe kuhusu mkopo wa kikundi ambao marejesho yake yamechelewa mara mbili. Nyumbani habari hiyo ingekuwa ugomvi, kwa kuwa ingesemwa usiku, wote wamechoka, watoto wanasikia. Hapa bwana anauliza ni kiasi gani, wanahesabu pamoja mchangani, na wanaona njia ya kulipa kwa miezi mitatu. Deni ni lilelile, ila sasa linabebwa na watu wawili.

TUFANYEJE?

Jioni wanarudi Buguruni. Vyombo vimeoshwa, ingawa sufuria moja imeungua chini na kijana mdogo amelala bila kuoga. Bibi ananyanyuka kuikwangua ile sufuria. Bwana anaichukua mkononi mwake na kuipeleka uani.

Ndugu msomaji, si lazima uende Kigamboni. Wengine watakwenda kula mihogo ufukoni Coco, wengine watamtembelea shangazi Mbagala, na wengine watakaa barazani tu. Pahala si hoja. Jambo la kutazamwa ni kama kila mtu mzima wa nyumba hiyo ametua mzigo wake, bila kumtwisha mtoto wa kike.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, mapumziko yapangwe tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, na baba ashiriki katika maandalizi wala asingoje kuambiwa tu kwamba kila kitu tayari. Pili, watoto wa kiume wafundishwe kuosha vyombo, kuchota maji na kupasha chakula, kwani mikono ya kazi hizo haina jinsia. Tatu, majirani wapeane zamu, leo kwako, kesho kwangu, kama wazee wetu walivyosaidiana shambani.

Waliotutangulia waliidai siku ya mapumziko kwa mwajiri na wakaipata. Kuifikisha siku hiyo hadi jikoni ni kazi iliyobaki kwetu, nayo haihitaji kungoja sheria mpya. Inaweza kuanza Jumamosi ijayo jioni, baada ya chakula, kwa baba kuuliza: mama watoto, kesho ni kazi gani nikupunguzie?