Mgeni Mtaalamu Nyumbani Kwako

Ndugu msomaji, huenda siku moja mwenyekiti wa kitongoji akapiga hodi kwako, nyuma yake kijana mwenye mkoba. Atakuambia: "Huyu amemaliza masomo Sokoine, kule Morogoro. Shirika la kuhifadhi ardhi limemtuma ajifunze kazi kijijini kwetu miezi michache. Tumeona alale kwako." Je, utampokeaje?

Wengine humpa mgeni wa namna hii kiti kizuri, wakamchinjia kuku na kuitikia "ndiyo" kila asemapo neno. Wengine humdharau: "Mtoto wa juzi atanifundisha nini, mimi niliyechunga ng'ombe kabla hajazaliwa?" Wote wamekosea, na hasara ni yao.

Tazama yaliyotokea Shinyanga. Zamani misitu ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, tena ikafyekwa kwa mashamba ya pamba. Mifugo ikazidi, kuni zikawa mbali. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ndio HASHI. Mwanzoni nguvu nyingi ziliwekwa katika vitalu vya miche. Lakini dawa kubwa ilikuwa tayari kwa wazee wa Kisukuma, nayo ni ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa mvua zianzapo, ikafunguliwa wakati wa kiangazi majani yanapokwisha kwingine. Miti nayo hupata nafasi ya kuchipua kutoka katika visiki na mizizi.

Wataalamu walipowasikiliza wenyeji, kazi ilikwenda mbio. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufika mwaka 2003 zilikadiriwa kupita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa wakati ule, pamoja na sehemu kubwa ya nchi ambayo leo ni Mkoa wa Simiyu. Mzee alikuwa na maarifa, mtaalamu alikuwa na kipimo na kalamu. Walipokaa pamoja, nchi ilipona.

Basi, mgeni akifika, fanya hivi.

Kwanza, patana mapema juu ya chakula na malazi, mbele ya mwenyekiti. Neno lisilosemwa siku ya kwanza huwa ugomvi siku ya thelathini. Akiwa msichana, mpe chumba chenye komeo, na wanao wajue kwamba ni dada yao. Watakaokuja kuulizia mahari wajibu: "Amekuja kwa kazi."

Pili, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aende na mama kutafuta kuni, apate kuhesabu saa kwa miguu yake mwenyewe. Aende na vijana machungani. Akirudi na malengelenge, amejifunza jambo lisilo katika daftari lake.

Tatu, na hili ndilo kubwa, usimfiche. Ni rahisi kumwonyesha ngitili iliyostawi na kumpitisha mbali na ile uliyokata mwaka jana ukauza mkaa. Kumbuka atakayoyaandika ndiyo yatakayosomwa na wapangao mipango ya kijiji. Ukimwonyesha mpaka wa uongo, ramani itakuwa ya uongo, na kiangazi kikija ng'ombe hawali ramani. Mwonyeshe visiki. Mwambie: "Hapa nilikosa, ada ya shule ilinibana."

Nanyi mlio upande wa Geita, mpelekeni mgeni penye mashimo yaliyoachwa wazi, ambamo mtoto au ndama aweza kutumbukia. Mwonyesheni miti inayokatwa kuwa matimba ya kushikilia kuta za mashimo. Msimwambie tu kwamba dhahabu ni mbaya, kwa maana nyumba nyingi hula kwa dhahabu. Mwulizeni: shimo likifukiwa, tupande nini kwanza? Asipojua, aandike swali hilo akaulize wakubwa wake, kisha alete jibu.

Nne, mdai elimu. Kabla hajaondoka, asimame mbele ya mkutano wa kijiji aeleze aliyoyaona, kwa Kiswahili chepesi, na nakala ya maandishi yake ibaki kwa mtendaji. Asiende na maneno yenu yote mkabaki mikono mitupu.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hakuna mgonjwa aliyepona kwa kumficha mganga kidonda chake.