Uzi unaupigia hesabu, muda wako je? Bei ya kroshia, na kwa nini uanze kufundisha

Leo naongea na wale wa kroshia: vikapu vya rangi, vitambaa vya makochi, foronya za mito, vile vya kuwekea vikombe na sufuria mezani. Kama unauza kitu kingine cha mkono, soma tu, hesabu ni ile ile.

Mimi niko Morogoro, nimeishia form four, biashara sijaisomea popote. Nafuma, nauza mtandaoni, natuma kwa basi. Ninachokiona kwenye magrupu yetu ni hiki: watu wenye mikono mizuri kabisa wanaacha kufuma baada ya miezi michache. Sio kwamba wateja hawapo. Oda zipo, usiku hawalali, halafu mwisho wa mwezi hela haionekani. Sababu kubwa ni kwamba uzi tunauhesabu, muda tunautoa bure.

Twende taratibu.

1. PIMA UZI KWA GRAMU
Usiseme "nimetumia kama roba moja na nusu hivi". Chukua mizani ndogo ya jikoni, pima uzi kabla ya kuanza, pima uliobaki ukimaliza. Tufanye mfano wa kikapu kidogo cha rangi tatu. Kimekula gramu 150. Uzi wa gramu 100 umenunua 5,000, kwa hiyo uzi wa kikapu ni 7,500. Mfuko na lebo 500. Jumla 8,000. (Hizi ni namba za mfano, weka za kwako.)

2. PIMA MUDA, NA USISAHAU NCHA
Washa saa ya simu ukianza, izime ukiinuka kwenda kugeuza maharage. Hapa ndipo vitu vya rangi vinapotuliza. Kila ukibadilisha rangi unaacha ncha mbili za uzi: ya rangi iliyoisha na ya rangi inayoanza. Ukibadilisha rangi mara 10, una ncha 20 za kuficha kwa sindano. Ukitumia dakika moja na nusu kwa kila ncha, hiyo ni nusu saa ambayo mteja haioni na wewe huilipwi.

Tuseme kikapu chetu, pamoja na ncha zake, kimechukua saa 4. Ukikiuza 12,000, toa 8,000 ya vifaa, unabaki na 4,000. Gawa kwa saa 4: umejilipa 1,000 kwa saa. Hapo bando la kupostia hatujagusa.

Sasa anza upande wa pili. Amua mwenyewe saa yako ni shilingi ngapi. Tuseme 2,000. Saa 4 ni 8,000, jumlisha vifaa 8,000, inakuwa 16,000. Ongeza kidogo cha kukuza biashara, sindano zinapotea, uzi unapanda bei, unafika kama 19,000. Hiyo ndiyo bei. 12,000 ilikuwa msaada.

3. MTEJA AKISEMA "MBONA GHALI?"
Usigombane naye na usimpe hotuba. Kikapu cha plastiki kinatoka kiwandani kwa sekunde, kroshia halisi mpaka leo inafumwa kwa mkono. Huwezi kushindana na kiwanda kwa bei, usijaribu. Mimi najibu hivi: "Sawa dada yangu, una bajeti ya ngapi?" Akisema 14,000, namwambia kwa hiyo bei nakufumia cha rangi moja, au kidogo zaidi ya hiki. Rangi zikipungua, ncha zinapungua, muda unapungua. Yaani nikipunguza bei, napunguza kazi. Wengi wakiona hivyo wanachagua wenyewe, na wapo wanaorudi kwenye cha rangi tatu kwa bei yake.

Oda ya rangi maalum, chukua nusu kabla hujanunua uzi. Na uzi wa oda nzima ununue siku moja. Angalia karatasi ya roba, kuna namba ya mkupuo wa rangi. Namba zikitofautiana, nyekundu mbili zinaweza zisifanane, na mteja ataona zikikaa pamoja kochini.

Vya kuwekea sufuria fuma kwa uzi wa pamba. Ule wa akriliki unayeyuka ukikutana na sufuria ya moto. Mteja akiharibu meza yake, hiyo habari itafika mbali kuliko posti zako zote.

4. SASA FUNDISHA
Najua wasiwasi ulipo: "Nikifundisha, si natengeneza wapinzani?" Tuanze na hesabu.

Ukifuma saa moja, unalipwa saa moja. Mikono ni miwili tu. Lakini ukikaa na wanafunzi 5 kwa saa 2, kila mmoja akalipa 10,000, una 50,000. Toa 4,000 ya uzi na sindano kwa kila mtu, 20,000, unabaki na 30,000. Weka na saa moja ya maandalizi, ni saa 3. Hiyo ni 10,000 kwa saa, ndani ya wiki ile ile ambayo kikapu kinakulipa 2,000 kwa saa.

Kuhusu wapinzani, nikupe niliyoyaona kwangu. Kuna mama mmoja, mteja wangu, kila bei lazima aikate. Akaja kujifunza. Siku ya pili alikuwa amefumua kipande chake mara tatu, akaniuliza, "Kumbe kile kikapu ulikaa nacho muda gani?" Toka siku hiyo hajawahi kukata bei, na akisikia wenzake wanakata anawajibu yeye. Wanafunzi wengine wananunua uzi kwangu. Wawili wameiva, nikipata oda kubwa tunagawana. Oda ya vipande 12 kwa wiki moja, peke yangu ningeikataa.

5. DARASA LA KWANZA LIWE HIVI
Uzi mnene, wa rangi ya mwanga, usio na manyoya. Mweusi hapana, mwanafunzi haoni kitanzi kinaanzia wapi. Sindano ya milimita 5 inafaa.

Siku ya kwanza kipande cha mraba tu. Mnyororo, kisha mistari ya kwenda na kurudi. Kipande cha anayeanza mara nyingi kinasinyaa kuwa pembetatu kwa sababu anaruka kitanzi cha mwisho. Mwambie aweke pini kwenye kitanzi cha kwanza na cha mwisho, na ahesabu kila mstari.

Siku ya pili duara, maana vikapu vingi vinaanzia hapo. Kwa kitanzi kifupi anza na 6, mzunguko unaofuata 12, kisha 18, kisha 24, unaongeza 6 kila mzunguko. Duara likikunjamana kama gauni, umeongeza kupita kiasi. Likijikunja kama bakuli, umeongeza pungufu. Mpe mwanafunzi sheria hiyo, ataweza kujirekebisha akiwa nyumbani bila kukupigia simu saa nne usiku.

Anayetumia mkono wa kushoto akae mbele yako mkitazamana, anaiga kama anajiangalia kwenye kioo.

Wakianza kufuata video, waambie mapema: singo kroshia ya Wamarekani ndiyo dabo kroshia ya Waingereza. Mtu asipojua hilo ataona kipande chake hakifanani na cha kwenye video, atadhani hana kipaji, ataacha. Wewe umepoteza mwanafunzi na mteja kwa mpigo.

Kila mtu aondoke na kitu alichomaliza, hata kama ni cha kuwekea kikombe. Akikipiga picha na kukiweka status, hilo ni tangazo lako ambalo hukulilipia.

KAZI YA WIKI HII
Chagua bidhaa yako moja inayouzika zaidi. Ifume huku saa ya simu inahesabu, ncha zikiwemo. Toa gharama za vifaa kwenye bei yako ya sasa, gawa kwa saa. Hiyo namba utakayoipata ndiyo mshahara wako wa kweli. Kama ungekataa kazi ya mtu mwingine kwa mshahara huo, basi usijilipe wewe huo huo.

Weka namba yako hapo chini, usione aibu, tuipigie hesabu pamoja. Wahenga wa sokoni walishasema: biashara asubuhi, jioni mahesabu.