Tarakilishi iliyoundwa nyumbani inapokataa kuwaka

MTU aliyedunduliza pesa kwa miezi mingi, akazunguka maduka ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi akinunua kipuri kimoja kimoja hadi akajiundia tarakilishi, huingiwa na baridi anapobonyeza kitufe na kupokewa na kimya. Wengi hukimbilia kwa fundi papo hapo. Wapo mafundi waaminifu, na wapo wale ambao jibu lao kwa kila ugonjwa ni kwamba mazabodi, yaani ule ubao mkuu, imeungua na sharti inunuliwe nyingine. Huenda kilichoikwamisha mashine ni waya uliolegea tu.

La kwanza ni kubaini iwapo mashine imekufa kabisa au imewaka bila kuonyesha picha. Hayo ni maradhi mawili tofauti. Feni zikizunguka ilhali skrini ni nyeusi, umeme unafika na kasoro itafutwe kwingine. Pasipo taa wala feni, uchunguzi uanzie ukutani.

Plagi zinazotumika humu nchini zina fyuzi ndani, na fyuzi iliyokatika haionekani kwa nje. Dawa yake ni kuazima waya wa tarakilishi inayofanya kazi na kujaribu. Kisha itazamwe swichi iliyo nyuma ya pawasaplai, ambayo wageni wa kazi hii huisahau mno. Pawasaplai za zamani zina pia kiswichi cha kuchagua volti 115 au 230. Stima ya Kenya ni volti 240; kiswichi kikiwa kwenye 115, kifaa hicho huweza kuungua mara tu kinapochomekwa.

Waya uchomolewe ukutani kabla ya kufungua kasha, na mkono uguse chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Mazabodi hulishwa na nyaya mbili. Ule mkubwa wa pini 24 hausahauliki. Unaosahaulika ni mdogo wa pini 4 au 8 ulio karibu na prosesa; usipochomekwa, feni huzunguka vizuri na skrini ikabaki nyeusi, mwenye mashine akakesha bure.

Kitufe chenyewe huunganishwa kwa nyuzi mbili nyembamba, na mahali pake huonyeshwa katika kijitabu cha mazabodi. Nyuzi hizo zikitolewa, stima ikarudishwa na pini zake mbili zikagusanishwa kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja, mashine ikiwaka basi mbovu ni kitufe, si mazabodi.

Pawasaplai ikishukiwa, na ibadilishwe kwa nyingine iliyo nzima. Isifunguliwe kamwe, kwani kapasita zake huhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Iwapo feni zinazunguka, vipande vya kumbukumbu, yaani RAM, vitolewe vyote na kurudishwa kimoja tu, kikandamizwe hadi kisikike kikibana. Meno yake ya rangi ya dhahabu yakiwa na uchafu, yasuguliwe taratibu kwa kifutio cha penseli. Kebo ya skrini nayo ichomekwe kwenye kadi ya grafiki iwapo ipo, kwa maana baadhi ya prosesa hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe.

Kuna kosa jingine linalowapata waundaji wapya hasa. Mazabodi hukaa juu ya vijiguzo vidogo vya shaba ili isiguse kasha. Kijiguzo kimoja kikiwekwa pasipo na tundu, hugusa nyaya za upande wa chini, na pawasaplai hujizima punde inapowashwa. Mazabodi itolewe nje, ilazwe juu ya boksi la karatasi ngumu na kuwashwa ikiwa na prosesa, feni yake na RAM moja. Ikiwaka hapo, mkosaji ni kasha.

Aliyenunua mazabodi ya mtumba atazame pia vichwa vya kapasita. Vikiwa vimefura au kuvuja, ubao huo hauna siku nyingi. Miaka ya mwanzo ya 2000 viwanda vingi duniani vilitumia kapasita duni, na mbao nyingi za enzi hiyo zilikufa hivyo.

Yote hayo yakishindikana, betri ya volti 3 iliyo juu ya mazabodi itolewe kwa dakika chache, stima ikiwa imechomolewa, ili mipangilio irudi ilivyokuwa kiwandani. Baada ya hapo si aibu kumwendea fundi. Lakini diski itolewe kwanza ibaki nyumbani. Mashine kukataa kuwaka si dalili kwamba picha na kazi za mwenyewe zimepotea; kwa kawaida bado zimo humo, na husomeka diski ikiunganishwa na tarakilishi nyingine. Fundi hazihitaji ili kujua kama mazabodi ni nzima.