Bwawa la Nyumba ya Mungu: Umeme, Samaki na Konokono

Je, umewahi kula perege wa Nyumba ya Mungu? Kama unakaa Moshi au Mwanga, bila shaka umewala, tena watamu kweli! Lakini bwawa lile halikuwepo tangu enzi za mababu. Mito ya Kikuletwa na Ruvu hukutana kusini mwa Moshi na kuwa mto Pangani. Hapo ndipo ukuta ulijengwa miaka ya 1960, bonde likajaa maji. Maji ya masika huhifadhiwa, kisha hufunguliwa kidogo kidogo. Huzungusha mitambo ya umeme palepale, halafu huteremka hadi mitambo ya Hale na Pangani. Samaki nao waliongezeka, wavuvi wakamiminika, vijiji vikaota kandokando.

Sasa sikia upande wa pili. Mto unaokwenda kasi huwasomba konokono. Maji yaliyotulia, yenye majani pembeni, ndiyo makao yao. Na konokono wengine hubeba kichocho.

Jamani, msimsingizie konokono! Sisi ndio tunaomwambukiza. Mgonjwa akijisaidia kando ya maji, mayai ya minyoo huanguliwa, vijidudu humwingia konokono na kuzaana humo. Baada ya wiki kadhaa hutoka maelfu, vikitafuta ngozi ya mtu. Dakika chache tu zinatosha kupenya. Vingi hutoka mchana jua likiwaka, yaani saa zilezile wewe na wenzako mnapokimbilia kuogelea.

Kichocho cha kibofu huleta mkojo wenye damu. Kuna sehemu watu husema eti kijana amebalehe. Si kweli hata kidogo! Kichocho cha tumbo huleta damu kwenye choo, na kikikaa miaka, ini na wengu huvimba.

Usione aibu, nenda zahanati ukapimwe. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Humezwa baada ya kula, na shuleni wengine hupimwa urefu kwa fimbo ili kujua idadi ya vidonge. Ila haikukingi na kesho: ukirudi majini utaambukizwa tena.

Mvuvi huwezi kumwambia asiguse maji, atakula nini? Kwake cha kwanza ni choo kijijini, na kitumike. Wewe wa kuoga una nafuu: chota maji yasiyo na konokono, yafunike kwenye pipa siku mbili. Vijidudu vitakuwa vimekufa.