Chakula cha Sambaza Hutoka Wapi?

Alfajiri, mitumbwi iliyofungamanishwa mitatu mitatu kwa miti hurejea ufukoni Rusizi, kusini mwa Ziwa Kivu, ikiwa imepakia sambaza. Samaki hao si wenyeji wa ziwa hilo. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Mama wa nyumbani huwakaanga wazima, vichwa na yote, na watoto wakapata nguvu. Nguvu hiyo ilianzia wapi?

Sambaza hula viumbe vidogo vya majini, navyo hula mwani usioonekana kwa macho matupu. Ndani ya seli za mwani huo mna vijipande viitwavyo kloroplasti, ambavyo kwa nuru ya jua hugeuza maji na hewa ya kaboni kuwa sukari. Vijipande hivyo vimo pia katika chai ya Shagasha na mpunga wa Bugarama. Samaki hana, mwanadamu hana. Hata uyoga, ambao wengi huuhesabu kuwa mmea, hauna, ndiyo maana huweza kuota gizani.

Lakini rangi isimdanganye msomaji. Mwani wa jamii ya diatomu ni wa hudhurungi, na kloroplasti unazo. Bakteria wa buluu-kijani wa ziwa lilo hilo hawana, ingawa nao hujitengenezea chakula kwa jua. Wataalamu wanakubali kwamba kloroplasti zenyewe zilitokana na bakteria wa ukoo huo, zamani mno.

Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, upepo huvuruga maji na kupandisha rutuba kutoka chini. Hapo mwani huongezeka, na walao mwani hushiba.